Benchi la Kusoma Mioyo

Idara ya Maji na Ukaribu ina furaha kuutangazia umma wa Arusha kwamba ubaridi kati ya ofisi na wananchi umekwisha rasmi. Umetibiwa kwa benchi.

Benchi nimelibuni mimi, Afisa Ukaribu, na ninalipenda sana. Mwananchi anakaa upande mmoja, mtumishi upande wa pili, kila mmoja anafunga mkononi mkanda unaosoma mapigo ya moyo. Mioyo ikitulia na kwenda pamoja, taa inawaka kijani na huduma inatolewa. Ikiwaka nyekundu, mwananchi anarudi nyumbani akatulie.

Ili kuokoa muda, Mkurugenzi wetu, Bwana Gadiel, alikuwa ameshafuta salamu kwa waraka. Habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, zote marufuku.

Aliyerudishwa sana ni Bibi Nashilu wa Oldonyo Sambu. Bomba la kijijini kwake lilifungwa kupisha ukarabati, ukarabati ukaisha, bomba likasahaulika, na ndama wakaanza kufa. Kila akikaa, nyekundu. Nilimpa kipeperushi cha namna ya kupumua.

Siku ya uzinduzi rasmi Mkurugenzi alitaka picha na mwananchi, akakaa benchini mwenyewe na kufunga mkanda. Ili kuwafurahisha wageni, akatangaza kanuni mpya: hakuna kunyanyuka mpaka kijani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bibi Nashilu.

Nyekundu. Wageni wakapiga makofi wakidhani ndiyo yenyewe. Makofi yakaisha. Harufu ya nyama choma ikaingia. Mkurugenzi akaninong'oneza nirekebishe mitambo. Nikamweleza kitaalamu kwamba mioyo hutulia watu wakisalimiana.

"Basi nisalimie, mama."

"Mimi nikuamkie wewe?" Bibi akamtazama. "Nimezaa wakubwa kuliko wewe. Halafu salamu si mmezifuta?"

Mkurugenzi akazirudisha palepale, kwa kipaza sauti. Kisha, kama mtu anayemeza dawa chungu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Zikafuata zote kama inavyopasa: nyumbani, watoto, wajukuu, mifugo. Taa ikaanza kupepesa kijani. Ndipo Mkurugenzi, kwa mazoea tu, akauliza, "Na maji?"

"Si umeyafunga?"

Nyekundu tena, na safari hii moyo ulioruka haukuwa wa bibi.

Mkurugenzi akampigia fundi simu afungue bomba, kisha akajaribu kunyanyuka. Nikamkumbusha kanuni, kwa upole, mbele ya wageni.

"Kaa, baba," Bibi Nashilu akasema. "Tungoje yafike. Nyie huwa mnaandika yamefika."

Wageni wakala nyama, wakaondoka. Wawili hao walibaki benchini mpaka jioni, Simaloi, binti wa bibi, alipopiga simu kutoka kijijini. Nyuma ya sauti yake ndoo ilisikika ikijaa.

Kijani.

Idara inathibitisha kuwa mfumo unafanya kazi. Foleni sasa inaanzia getini, na kila mwananchi anaomba kukaa na Mkurugenzi mwenyewe. Kanuni ya kutonyanyuka haijafutwa, maana mwenye mamlaka ya kuifuta bado amekaa.