Waraka wa Kupunguza Salamu

Kwa niaba ya Kurugenzi ya Uzoeshaji wa Mwaka wa Kwanza, ambayo naiongoza mimi mwenyewe, ninayo furaha kuutangazia umma kwamba chuo chetu kimefanikiwa kupunguza salamu.

Tatizo lilikuwa kubwa. Kila mwaka wanafunzi wapya wanatujia na mabegi, ndoo na salamu. Wanasalimiana ngazini, wanasalimiana kwenye foleni ya chakula, wanamsalimia hata mtu aliyewapa kisogo. Wataalamu wetu walizunguka kwenye korido wakagundua kwamba mwanafunzi mpya hujulikana toka mbali, maana ndiye anayesimama. Aliyezoea chuo hasimami. Hupita akitazama simu yake, hata kama imeisha chaji.

Tukatoa waraka. Mtu yeyote atakayechelewa kwa sababu ya salamu atahesabiwa kuwa hajazoea, na atarudia semina ya kuzoea mazingira tangu mwanzo. Mwanafunzi akikaidi, ananyang'anywa chumba cha bweni. Mwanasheria wetu alishauri tuandike "mwanafunzi yeyote" tangu juu hadi chini. Mimi nilipendelea "mtu yeyote", kwa kuwa lina uzito.

Utekelezaji ulikwenda vizuri mno. Korido zikawa kimya. Taarifa zilinifikia kwamba wengine walikuwa wakilia vyumbani mwao, lakini kulia chumbani hakuzibi njia, kwa hiyo jambo hilo hatukulichukulia hatua.

Akabaki mmoja tu, msichana mwembamba wa mwaka wa kwanza ambaye wenzake walimwita Bi Salamu. Kutoka bwenini hadi darasani ni mwendo mfupi, lakini yeye alilazimika kutoka alfajiri. Alimuuliza mfagiaji habari za goti lake, akamuuliza mpishi kama mtoto ameshaota meno. Nilimwita ofisini.

"Shikamoo, mzee. Habari za nyumbani?"

"Unaona? Umeshaanza."

"Nisamehe, mzee. Ni mdomo tu. Nikimpita mtu kimya naona kama nimemkanyaga."

"Hapa chuoni tunakanyagana kwa utaratibu," nikamwelimisha. "Hili ni onyo la mwisho. Alhamisi saa nne kuna kikao cha kujadili chumba chako, nami ndiye mwenyekiti."

Machozi yakamlengalenga. "Nikikosa chumba ndiyo nimerudi nyumbani, mzee. Sina ndugu hata mmoja mji huu."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza papo hapo. Nilifarijika kuona mtu akizoea mbele ya macho yangu.

Alhamisi gari langu likagoma kuwaka. Nikaja kwa miguu, kwa mara ya kwanza tangu niteuliwe, na kwa haraka zangu nikaacha kitambulisho ndani ya gari.

"Habari za asubuhi, mzee?" akanisalimia mlinzi wa getini.

Nikampita bila kujibu, kwa mujibu wa waraka. Akanizibia njia.

"Wee mzee, unakwenda wapi?"

"Mimi ni Mkurugenzi wa Uzoeshaji."

"Mkurugenzi namjua. Ni gari jeusi, vioo vya giza."

"Mimi ndiye huwa ndani!"

"Hivyo hata mimi naweza kusema. Tafuta mtu anayekujua."

Wakapita wahadhiri. Akapita karani wangu mwenyewe. Nikawaita kwa sauti, nao wakainamia simu zao wakaenda zao kwa nidhamu ya kupendeza. Nilijivunia kazi yangu, ingawa jua lilikuwa likinichoma utosi. Ndipo akatokea Bi Salamu, anakimbilia kikaoni.

"Binti! Mwambie huyu mimi ni nani!"

Akatazama viatu vyake, akapita.

Mlinzi akaguna. "Hata huyu? Huyu anajuana mpaka na paka wa jikoni. Mzee wangu, rudi kwenu."

"Binti, nakuomba!"

Akageuka, macho mekundu. "Mzee, usiniponze. Nikichelewa kwa salamu, chumba kimekwenda."

"Kikao hakiwezi kuanza bila mimi!"

"Wamenipigia simu, wamesema kinaanza tu. Hakuna aliyeuliza uko wapi."

Nikaulegeza waraka kidogo. "Basi naruhusu. Salamu moja, ya dharura."

"Kwa moja huyu hataamini, mzee."

"Haya, zote! Zote ruksa!"

Akajifuta uso, akarudi getini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mama watoto hajambo? Gari limepatwa na nini? Umelala salama?"

La mke nikalijibu, la gari nikalijibu. La usingizi nilitaka kusema salama, kama watu wote. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba sijalala. Mwanangu wa mwisho yuko mwaka wa kwanza, chuo cha mbali, na siku hizi hapigi simu wala hapokei.

"Nadhani amezoea," nikasema. Iliniuma, sitaficha.

"Pole, mzee," akasema Bi Salamu. "Mpigie tena jioni. Kwa sisi wageni, jioni ndiyo mbaya zaidi."

Mlinzi akafungua geti. "Pita. Ila yangu ya asubuhi bado hujaijibu."

"Nzuri," nikasema. "Na wewe?"

Akanijibu kwa kirefu.

Tulipoingia kikaoni, naibu wangu alikuwa amekalia kiti changu na kilimtosha. Akauliza sababu ya kuchelewa. Nikasema ni salamu, na kwamba binti nimemsimamisha mimi, kwa hiyo kuchelewa kwake kuhesabiwe kwangu. Nikaongeza kwamba waraka nimekwisha kuufuta.

"Waraka haufutwi getini," akasema naibu. Kisha akasoma kwa sauti: "Mtu yeyote." Mwanasheria akakohoa.

Bi Salamu amebaki na chumba chake. Mimi naanza semina Jumatatu, tangu mwanzo, pamoja na Bi Salamu, anayeirudia kwa makosa yake ya zamani. Ameahidi kuniwekea kiti pembeni yake, ila amenisihi nitoke nyumbani alfajiri, kwa kuwa njiani kuna watu wengi, na mfagiaji bado goti linamsumbua.