Sanamu Yangu Katika Jiji la Warumi

Jumatatu, 3 Machi

Nitachongwa sanamu! Mimi! Ngoja niandike taratibu.

Nimemaliza kuweka vigae kwenye chumba cha kompyuta cha Injinia. Tulikubaliana nikimaliza sakafu nacheza bure mwezi mzima, kompyuta namba sita, ile ya karibu na choo. Leo nikakaa. Gemu mpya! Yenyewe bado haijatoka, hii ni demo, yaani kipande cha kuonja tu. Unapewa kilima, mto, na Warumi wa kale wachache waliojifunga mashuka, unaambiwa haya, wajengee jiji. Nikajenga oveni ya mikate. Nikajenga bafu la watu wote. Nikajenga ule mfereji wao unaopita juu hewani umebebwa na matao. Maji yakafika! Nikapiga kelele. Kelele ndogo, ya kooni, lakini Profesa aligeuka.

Profesa si profesa. Ni kijana wa mtaa wetu, anakalia kompyuta namba moja, ana miwani na alimaliza shule. Mimi niliishia darasa la nne. Likatokea tangazo la Kiingereza, akatusomea kwa sauti kama anatangaza mpira. Waliotengeneza gemu wanataka maoni ya wachezaji. Andika kwa lugha yoyote, wana mashine ya kutafsiri. Mwisho Jumapili tarehe kumi na sita. Yule ambaye maoni yake yatawasaidia kuliko wote watamchonga sanamu ndani ya gemu kamili, katikati ya uwanja wa jiji, sura yake mwenyewe. Dunia nzima imwone!

Profesa akajishika kidevu, akamuuliza Injinia upande gani wa uso wake utapendeza zaidi kwenye jiwe.

Wiki iliyopita nilikuwa nimepiga magoti napanga vigae kwenye nyumba nyingine, mwenye nyumba akanikanyaga vidole, akaiomba radhi ndoo. Hiyo sanamu ni yangu. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetuma maoni yangu ya kwanza! Vidole viwili, saa nzima na nusu. Niliandika hivi: Gemu nzuri. Nikayasoma mara tatu. Hayana kosa. Nikabonyeza.

Halafu nikaona ya Profesa. Lo! Yana vichwa vya habari. Unashuka, unashuka, kidole kinachoka, bado hujafika mwisho. Maoni ya kila mtu yanaonekana na wote, na ukiyapenda unayawekea dole gumba. Profesa ana madole kumi na manne. Mimi ninalo moja. Nimejiwekea.

Profesa akapita nyuma yangu, akaniita Kimya kama wanavyoniita wote hapa, akaniuliza, ndiyo yameisha au umeme ulikatika? Injinia akacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu.

Cheka tu. Kusoma sikusoma, lakini macho ninayo. Lazima nijue anaandika nini kipya kabla hajatuma.

Jumatano, 5 Machi

Upelelezi! Nilikuja na nyundo yangu ya mpira, nikapiga magoti nyuma ya kiti cha Profesa, nikawa nagonga vigae, ko, ko, ko, huku nachungulia kioo chake juu ya bega. Injinia akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nasikiliza kama chini kuna uwazi. Akaniuliza upo? Sijui kwa nini nilisema upo. Akasema basi king'oe ukirudishe vizuri.

Nikang'oa kigae kizima, kizuri, nilichokiweka mwenyewe. Kilishika kama meno. Kazi ya saa tatu nzima.

Lakini nimeipata siri yake! Kichwa cha habari kikubwa kuliko vyote kwenye maoni mapya ya Profesa: NGUZO. Kumbe ni nguzo! Nikarudi namba sita na saruji mkononi, nikaandika: Ongezeni nguzo. Kibodi kimeganda kwenye herufi ya N. Kesho nitakikwangua.

Jumamosi, 8 Machi

Juzi niliaibika mpaka jana sikutoka ndani. Naishi kwa dada yangu mkubwa. Yeye ni dobi, nusu ya mtaa huu inavaa nguo alizozifua yeye. Tangu mwanzo wa wiki namuahidi kumrekebishia karo lake la kufulia. Juzi akanifuata. Akasimama nyuma ya kiti changu, mkono kiunoni. Nikainamisha kichwa nisubiri mvua ya maneno.

Kumbe anatazama kioo!

Akauliza wale wanaokanyagakanyaga kwenye beseni ni nani. Nikamwambia ni madobi wa Kirumi. Akauliza, sasa mbona wanafulia maji yanayotoka chooni? Nikatazama. Kweli, choo cha umma nimekiweka upande wa juu wa mto, maji yanakotoka, madobi wako chini yake, nguo zinatoka nyeupe pe, na Warumi wanatabasamu. Akauliza kamba ya kuanikia iko wapi. Hakuna. Mvua ikanyesha ndani ya gemu, hakuna aliyekimbilia nguo. Dada akasema, kwa sauti yake ile ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, kwamba waliotengeneza kitu hiki hawajawahi kufua hata soksi.

Chumba kizima kikacheka. Nikaomba sakafu ipasuke, lakini niliiweka imara mno. Nikaondoka nyuma yake kama mkokoteni.

Yote hayo yamepita, maana leo nimepata akili kubwa! Kama sina watu wa kunisifu, nitawatengeneza. Nimefungua majina kumi. Nahodha Mstaafu. Daktari wa Meno. Mama wa Watoto Tisa. Hakimu. Wote wamesifu maoni yangu na kuyawekea dole. Daktari wa Meno kaandika: Nimeona meno mengi lakini sijaona kijana mwenye akili kama huyu, ongezeni nguzo, mchongeni.

La kumi nililiita Dada. Hapo nikakwama. Nilijaribu kumwandikia kwamba anapenda nguzo, ikanishinda, nilikuwa namsikia ananiuliza nguzo za nini. Nikachoka. Nikajaza tu yale aliyoyasema juzi, choo, kamba, mvua, soksi, nikatuma, nikajiwekea na dole lake nimalize hesabu.

Madole kumi na moja! Naruka mwenyewe chumbani!

Jumatatu, 10 Machi

Wamejibu! Wamesema wamepokea maoni mengi kutoka kwa watu wanaopenda nguzo, akiwemo daktari wa meno, na wameongeza nguzo kwenye demo ili tuzijaribu.

Nikafungua jiji langu. Mama yangu! Nguzo mbele ya oveni. Nguzo mlangoni kwa bafu. Nguzo katikati ya barabara, nane nane, kama zinasubiri usafiri. Mkokoteni wa mikate umenasa kati ya mbili. Warumi wamejishika matumbo kwa njaa. Walikuwa mia tano asubuhi, mchana wamebaki tisa, na mmoja kati ya hao tisa ananirushia mawe.

Profesa naye analia. Akasimama akauliza huyo mpumbavu aliyeomba nguzo hivi ni nani, yeye alichoandika ni kwamba nguzo zimezidi, zipunguzwe! Injinia akasoma, akamjibu ni daktari wa meno. Profesa akaapa hatang'oa jino maisha yake yote.

Nikapiga magoti. Ko, ko, ko. Nikasikiliza vigae.

Jumatatu, 17 Machi

Matokeo. Nilivaa shati lililopigwa pasi. Injinia alizima redio. Profesa akasoma, mwanzo kwa sauti ya mpira, halafu sauti ikashuka, ikashuka, ikawa kama ya kwangu.

Ameshinda Dada!

Wamesema katika maoni elfu nne hakuna aliyewaambia jambo kama hilo. Wameshahamishia madobi upande wa juu wa mto, mbali na choo. Wameweka kamba. Mvua ikinyesha, sasa Warumi wote wanakimbilia nguo. Lile neno la soksi wameliandika kwa herufi kubwa wakalibandika ukutani kwao wanapofanyia kazi. Wanaomba picha ya mshindi wamchonge.

Profesa akauliza huyu Dada ni nani. Injinia akasema, si yule wa soksi, dada yake aliyemkokota Kimya? Wote wakanitazama. Kwa mara ya kwanza chumba kizima kinanitazama mimi, na kumbe kinatafuta mtu mwingine.

Nilimkuta dada karoni. Nikamweleza, nikitazama ndoo. Akauliza nani kanituma kutumia jina lake. Nikasema niliandika tu alichosema. Nikangoja kofi. Akaniuliza taratibu, sura yangu mimi? Kwenye jiwe?

Akafuta povu mikononi, akaingia ndani, akatoka na gauni la kijani ambalo sijawahi kuliona mwilini mwake. Akakaa kwenye kiti uani. Sijawahi kumwona dada yangu amekaa bila nguo ya mtu mwingine mkononi. Hakujua aiweke wapi mikono. Nikampiga picha ishirini.

Halafu akaniambia nisogee, kivuli changu kinamharibia.

Jumamosi, 29 Machi

Demo mpya! Sanamu imesimama katikati ya uwanja! Dada mzima mzima, jiwe jeupe, mkono mmoja kiunoni, mwingine unaonyesha mtoni. Mtaa wote umekuja kuona. Profesa mwenyewe amemletea mashuka mawili afue, akamsalimia shikamoo. Dada anakuja kila alasiri, anasema amenifuata mimi, lakini anakaa namba moja na Profesa anampisha. Anawasimamia madobi. Leo amekubali kwamba wanajitahidi.

Mimi nimefikiria sana na nimejua nilipokosea. Watu kumi walikuwa wachache. Na madaktari wa meno hawaaminiki. Safari hii wanataka maoni tena, na mchezaji bora atachongwa sanamu mlangoni kwa bafu. Nimeshafungua majina thelathini! Majenerali kumi, marubani kumi, na wajane kumi. Wote wanasema kwa moyo mmoja: ongezeni simba.

Asubuhi, nikisubiri majina yakubaliwe, nilikuwa natazama tu uwanja. Kila mtoto wa Kirumi anayekimbilia nyuma ya sanamu ya dada hatokei upande wa pili. Nimehesabu kumi na saba. Wanaingia, kwisha. Mama zao wanawaita mpaka jua linazama.

Lakini hilo jambo dogo. Sitawasumbua wakubwa wa gemu na vitu kama hivyo.