Sekunde Mbili Nilizorudisha Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa idara ametangaza. Kiongozi wa timu atateuliwa Ijumaa, na tumebaki wawili: mimi, na yule binti tunayemwita Miwani. Kaja juzi tu. Mimi nina miaka saba hapa!

Kila kitu kinategemea programu yangu ya kutafuta mafaili ya wagonjwa. Ijumaa daktari mkuu wa hospitali anakuja kuiona. Sharti lake ni moja: faili lipatikane chini ya sekunde mbili. Nikishindwa, nitakuwa chini ya Miwani. Haiwezekani. Mama mkwe nimeshamwambia nimeteuliwa.

Nimepima leo. Nukta nane ya sekunde. Nimezungusha karatasi ya matokeo ofisi nzima. Miwani akauliza kwa upole nimeanzia wapi kuhesabu. Nikamwonyesha. Akasema hapo faili limeshapatikana, ninachopima ni kulionyesha kwenye skrini tu. Mbele za watu.

Jumanne, 5 Machi

Ili nijue muda unapotelea wapi, nimeiagiza programu iandike saa kila inapopekua faili moja. Mafaili ni elfu arobaini. Imetoka orodha ya mistari elfu arobaini. Nimesoma mitano, kichwa kikaniuma.

Halafu nimepima tangu mwanzo hadi mwisho. Sekunde tatu na nukta nne. Nimerudia mara kumi na moja. Tatu na nukta nne.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Programu huiuliza kompyuta saa ngapi inapoanza, huuliza tena inapomaliza, kisha hutoa saa ya kwanza kwenye ya pili. Na saa ya kompyuta ni ya nani? Yangu. Kwa hiyo katikati ya kazi, programu inairudisha saa nyuma sekunde mbili, kimyakimya. Jibu: moja na nukta nne. Nimeificha amri hiyo kwenye faili nililoliita "usiguse".

Mke wangu kauliza kama haingekuwa rahisi kuifanya programu yenyewe iwe na kasi. Nimemjibu kwamba mambo haya ni marefu. Kaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetoka chooni nikamkuta Miwani kwenye kiti changu.

Kumbe mkuu ndiye aliyemtuma apitie kazi yangu kabla ya kesho. Akasema, "Kaka, nimefuta ile mistari ya kuandika saa kila faili. Ilikuwa takataka tupu." Nikashukuru huku nimeuma meno. Nikachungulia: "usiguse" halijaguswa. Binti mtiifu.

Sikupima tena. Moja na nukta nne nilishaiandika kwenye ripoti.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike yote.

Daktari mkuu kaketi mbele. Mkuu wa idara kando yake. Nimebonyeza. Faili limetokea mara moja. Chini yake, kwa maandishi makubwa niliyoyachagua mwenyewe: muda uliotumika, hasi nukta nane.

Daktari akauliza kama programu yangu huleta faili kabla mgonjwa hajaugua.

Miwani alikuja kuangalia. Dakika tatu zikamtosha. Akaeleza, bila hata kunicheka, kwamba saa ya kompyuta husogezwa huku na huku, kwa hiyo haifai kupimia. Kuna kihesabio kingine ndani ya kompyuta kinachokwenda mbele tu, hakirudishwi na mtu. Akapima kwa hicho. Moja na nukta mbili! Ile orodha yangu ya saa ndiyo iliyokuwa inaichelewesha programu. Tangu jana nilikuwa nimefaulu, na sikujua. Nilitaka kulia.

Daktari ameichukua programu. Mkuu kanipa nafasi ya mwisho: Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, nilete maelezo ya ile hasi kwa maandishi. Nikichelewa hata dakika moja, cheo ni cha Miwani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika saa mbili na dakika tisa. Chumba cha mikutano kitupu, mkuu namsikia kwenye ngazi. Nimepanda kiti nikairudisha saa ya ukutani dakika kumi. Alipoingia bado nilikuwa juu ya kiti. Akaitazama saa, akatazama simu yake, akamwita Miwani.

Basi. Miwani ndiye kiongozi. Kosa langu naliona wazi: nilisahau simu ya mkuu.

Mama mkwe anakuja kesho kunipongeza. Kabla ya kula huenda kunawa, na simu yake huiacha mezani. Nikiirudisha hadi Alhamisi iliyopita, uteuzi utakuwa bado haujafanyika.