Siku Laptop ya Yangi Iliponyamaza

"Juba imetulia kabisa," alitangaza mzee Lokosang, redio sikioni. "Msemaji ya serikali nasema hiyo kelele ya usiku ni watu nafurahi tu."

"Wanafurahia nini, mitaa yote kutoka Gurei mpaka Lemon Gaba?" Teresina aliuliza huku akimimina chai. "Harusi gani hiyo ya kila siku, na mimi sialikwi?"

"Sababu ya hiyo furaha mimi hapana sikia. Kelele ya laptop ya Jenereta nameza habari."

Jenereta ndiye Yangi. Alikuwa na jina lake zuri tu, mpaka alipofuta mfumo wa zamani uliojaa virusi akaweka Linux kwenye laptop anayochapia CV za watu juu ya meza ya chai ya Teresina, pale sokoni Custom. Tangu hapo feni inalia kutwa nzima, na meza hiyo imekuwa jiko la pili.

"Mimi iko na dawa," alisema Lokosang. "Gunia ya maji. Funika nayo, itapoa."

"Maji kwa stima, mzee? Utatuzika wote." Huyo ni Konga, aliyekulia Nairobi na hataki mtu asahau. "Prosesa inakimbia mbio zote hata kama haina kazi. Lete niiambie ipunguze."

"Iache," alisema Yangi.

"Tuiache aje, buda? Tunachomeka."

"Nimeizoea."

Sababu yenyewe haikusemeka mbele za watu. Simu yake ilichukuliwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani, kwa hiyo kila jioni alizungumza kwa laptop hiyo na mkewe, Goretti, aliyekimbilia kambi ya Bidibidi, Uganda, na watoto baada ya mapigano ya Julai. Alimwambia Juba ni shwari, alale usingizi. Feni ikivuma, Goretti hasikii risasi hata moja. Yangi aliipenda feni ile kwa moyo wake wote.

Konga si mtu wa kukatazwa. Aliivuta laptop, akaipandisha juu ya bilauri mbili ipate hewa kwa chini, akapuliza vumbi, kisha akaandika amri kwenye kioo cheusi. Feni ikapungua, ikapungua, ikanyamaza.

"Kalas, imekwisha," alisema.

Hapo hapo Goretti akapiga kwenye laptop, kama kila jioni.

"Baba Lino! Leo nakusikia vizuri!"

"Konga ametengeneza feni," Yangi alisema, kama mtu anayetoa habari za msiba. "Imenyamaza."

Ta-ta-ta-ta-ta! Na safari hii ilikuwa karibu, nyuma tu ya maduka. Lokosang alifika chini ya benchi kabla ya redio yake. Teresina alijifunika karai. Konga, fundi mwenyewe, alikuwa ameshalala kifudifudi. Yangi peke yake alibaki ameketi wima mbele ya kamera, anatabasamu, jasho linamchuruzika.

"Nini hiyo?" Goretti aliuliza.

"Feni."

"Si umesema imenyamaza?"

"Imeanza tena."

Watoto walisikika nyuma ya Goretti wakigombania sahani.

"Basi lala chini, Baba Lino," alisema polepole. "Lala chini na hiyo feni yako, mpaka inyamaze."

Yangi akalala chini.