Ngoma Yangu Yenye Kiuno

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Balaa! Meneja wetu, Bwana Wambura, katangaza kikaoni kwamba shirika linapunguza watu. Sisi kazi yetu kugawa magunia. Tangu kila kitu kiwe ruksa, magunia analeta yeyote mwenye lori, na sisi tumebaki kugawana chai. Kila idara itatoa mtu mmoja. Masijala tuko wawili, mimi na Anyitike. Kwa elimu, aende yeye. Kwa sura pia.

Lakini Anyitike ana kwaya. Faili alilolikalia halioni, ila ana sauti nzito na kwaya ya shirika, na kila mtu anajua kwamba watu wa kwaya hawapunguzwi. Mkurugenzi Mkuu anakuja kutoka Dar es Salaam Jumamosi ya wiki ijayo. Nani atamtumbuiza? Anyitike!

Nikasimama. Mdomo ukatangulia. Nikasema mimi Respicius ni mpiga ngoma wa ukoo, babu yangu alimpigia mfalme kule Bukoba, na kikundi cha utamaduni ninacho. Bwana Wambura akafurahi, akaniweka kwenye ratiba papo hapo. Sijawahi kupiga ngoma. Babu alikuwa anauza chumvi.

Jumanne, 3 Agosti

Ngoma nimepata! Sokoni, kwa Bi. Zaitun, anayeuza makoti ya mitumba. Ilikuwa nyuma ya rundo, yeye akiitumia kama kigoda. Nilipomwuliza imetoka wapi alisema hajui, ilisahauliwa kwenye basi la Kondoa na hakuna aliyekuja kuidai.

Ngozi imeliwa na panya. Lakini umbo! Juu pana, chini pana, katikati kiuno chembamba. Na hapo kiunoni, pande zote mbili, mti umesuguliwa hadi unateleza. Nikaelewa mara moja. Mikono! Wapiga ngoma wa mfalme, vizazi na vizazi, wameishika hapo wakimtangulia bwana wao. Ni ya kwetu kabisa. Imefikaje Kondoa? Hilo waachiwe wanahistoria.

Nikabadilishana naye kwa redio yangu. Bi. Zaitun aliitazama redio, akanitazama mimi, akauliza kama nyumbani wanajua nilipo. Wafanyabiashara hawana jicho la utamaduni.

Jumatano, 4 Agosti

Mwenye nyumba wangu hapa mtaa wa Kikuyu, Dodoma, Mama Loisi, Mgogo wa asili, alikuwa uani anasonga ugali. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha. Akauliza nani ataipiga. Nikasema mimi. Akacheka hadi akaegemea ukuta, mwiko mkononi.

Akaanza kusema kwamba huku kwao ngoma ya namna hii... Nikamkatiza kwa heshima zote, nikamweleza habari za wafalme wa Bukoba tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri. Ugali uliungua kidogo.

Kisha nikamwomba yeye na wenzake wa kanisani wawe kikundi changu, kazi yao kuitikia na kupiga makofi. Alikubali haraka mno. Alisema siku hiyo hawezi kuikosa hata mvua ikinyesha Agosti.

Ijumaa, 6 Agosti

Ngozi ya mbuzi kutoka buchani. Niliiloweka tangu juzi kwenye ndoo ya kuogea. Wapangaji wamelalamika. Nikawaambia utamaduni una harufu yake. Nimeinyoa manyoya kwa wembe wangu wa ndevu, na leo nimekwenda kazini na ndevu.

Ngozi ya zamani ilishikwa na vijiti vya mti. Ushamba! Nikaving'oa, nikapiga misumari. Mama Loisi akipita alisema vijiti ndivyo vinavyoshika, na ngozi ikaukie kivulini. Kivulini! Na jua lote hili la Dodoma, la bure! Nikaianika juu ya bati.

Saa tisa mlio mmoja tu, paa! Majirani wakatoka nje. Ngozi imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo, na misumari imeruka hadi kwenye mboga za watu.

Nimeanza upya na ngozi nyingine. Vijiti, na kivuli. Nimefikiri sana na nimeona hivyo ni bora zaidi. Mama Loisi nimemweleza kwa nini.

Jumapili, 8 Agosti

Ngozi imekaa sawasawa! Sasa urembo. Kile kiuno kilichosuguliwa kinaonekana chakavu mbele ya wageni. Nikakipaka rangi nyekundu ya sakafu, kopo jipya, mara tatu, nikasugua kwa brashi ya viatu. Inang'aa hadi nikaifanya kioo cha kuchania nywele.

Anyitike alikuja kupeleleza, eti ananijulia hali. Akasema inafanana na kibaraza cha zahanati. Akaniita nshomile, eti Mhaya anayejiona msomi. Wivu mtupu.

Alhamisi, 12 Agosti

Mazoezi. Nimeining'iniza begani kwa mkanda wa suruali. Nikapiga. Ikasema pu. Nikapiga tena kwa nguvu. Pu. Mama Loisi akasema lazima ioteshwe moto kwanza. Hilo nilikuwa nalijua. Akaongeza jambo fulani juu ya magoti, nikawaomba akina mama wazingatie makofi. Wanacheka sana hawa. Nidhamu hakuna.

Nikiri tu, naogopa. Nyumbani nimewaandikia kwamba mimi ni ofisa. Nikipunguzwa nitashuka Bukoba na nini? Mama atawaambia nini wanawake wenzake kisimani? Lazima hii ngoma ilie.

Jumamosi, 14 Agosti

Naandika nimekaa juu ya mto. Magoti yanauma, na heshima pia.

Kwaya ya Anyitike ilitangulia. Sauti nne, wimbo mzima kuhusu gunia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma kwa wapishi, naotesha ngoma kwenye jiko la wali. Ikaanza kulia vizuri, ngozi kavu, sauti kali. Nikaona leo ndiyo leo.

Nikatoka na suruali nyeupe, na kitambaa cha madoa ya chui begani. Nikatoa hotuba fupi, hii ndiyo ngoma ya wafalme wa Bukoba na kadhalika. Nikapiga. Mkurugenzi, Bwana Bartolomayo, akavua miwani. Akauliza huyu bwana anafanya nini na ngoma ya mama yake.

Kumbe Mkurugenzi ni mzaliwa wa Mvumi, hapa hapa Dodoma! Mgogo! Hakuna aliyeniambia. Anyitike alikuwa anajua, nilimwona usoni.

Mkurugenzi akaeleza umati mzima. Kwao wapiga ngoma ni wanawake. Mama yake alikuwa mmoja wao. Hupiga magoti, wakaibana ngoma mapajani, hapo penye kiuno. Ndiyo maana pamesuguliwa.

Mapaja! Vizazi na vizazi vya mapaja! Na mimi nimechania nywele hapo.

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema ndiyo, mheshimiwa, nilikuwa nakuja kwenye sehemu hiyo. Nikapiga magoti. Nikabana. Sasa, lile jiko lilikuwa limeyeyusha rangi ya sakafu. Ngoma ikachomoka mapajani kama sabuni, ikabingirika hadi chini ya meza kuu, ikamgonga Bwana Wambura ugoko. Suruali yangu ikawa nyekundu kuanzia gotini hadi mahali ambapo sitapaandika hata humu. Kwaya ilicheka kwa sauti nne.

Mama Loisi akaifuata. Akaifuta kwa upindo wa kanga, akapiga magoti, akaibana. Mungu wangu! Ile ndiyo ilikuwa ngoma. Wenzake wakaitikia, na sikusikia makofi yale waliyokuwa wakinipigia mimi kwenye mazoezi, ilikuwa kitu kingine kabisa. Mkurugenzi akavua koti, akaingia uwanjani kutikisa mabega. Nilisimama na suruali yangu, machozi yakanitoka. Ngozi ile niliiwamba mimi! Hakuna aliyelitaja.

Jumatano, 18 Agosti

Majina yamebandikwa. Masijala anabaki Anyitike.

Mkurugenzi ameagiza shirika liwe na kikundi rasmi cha utamaduni. Kiongozi ni Mama Loisi, ameajiriwa, na kwa kuwa nafasi hakuna wamempa kiti changu. Ngoma imeandikwa kuwa mali ya shirika. Nimemkuta mezani pangu anakunywa chai yangu, Anyitike anamwamkia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona.

Jioni Mama Loisi aliniletea ugali na mlenda mlangoni. Alisema pole sana mwanangu, na nikitaka atanifundisha. Nikamwuliza kupiga? Akasema hapana, makofi. Nilikula chote. Nilikuwa na huzuni lakini mlenda ulikuwa mzuri.

Jumamosi, 21 Agosti

Nilikwenda sokoni kuona kama Bi. Zaitun atanirudishia redio. Imeshauzwa. Akanionea huruma, akafungua gunia lingine.

Nyingine! Nzito, ya mti mmoja, ya kale sana. Nikaikagua kwa utulivu, maana sasa nina uzoefu. Haina kiuno, kwa hiyo si ya wanawake. Hilo limekwisha. Ngozi haina, itakuwa ilioza. Chini haikutobolewa, mafundi wa zamani walikuwa na siri zao. Ndani inanukia karanga, bila shaka kutokana na karamu za mfalme. Na hata fimbo yake ya kupigia ipo, nene, ndefu karibu sawa na mimi! Mpigaji wake lazima alikuwa jitu.

Nimebadilishana kwa sanduku langu la safari. Bukoba siendi tena, nina mradi. Bi. Zaitun alitaka kunieleza kitu, nikamwambia asijisumbue.

Mama Loisi alipoiona uani alifurahi, akauliza kama nitamsaidia kutwanga. Ngozi nimeshailoweka, na rangi ya sakafu imebaki nusu kopo.