Ridhaa ya Marehemu Mia Mbili na Kumi na Wawili

Humoud bin Basil,
Duka la Rangi na Misumari,
Dunda, Bagamoyo.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maoni ya Muswada wa Kumbukumbu za Umma.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima, na baada ya salamu nakuomba ukae vizuri, maana barua hii ina malalamiko. Mimi ni katibu wa chama cha wajuzi wa nasaba hapa Bagamoyo. Wanachama tuko watatu, lakini mababu tunaowasemea ni wengi mno.

Muswada wenu unasema kitabu cha vizazi na vifo kisifunuliwe mpaka aliyeandikwa humo atoe ridhaa, awe hai au amekufa. Shangazi yangu, Bi Thuwaiba, ana miaka themanini na sita na hajui jina la mama yake. Mama huyo alifariki siku ya uzazi, na kwa kuwa aliolewa kutoka Saadani bila wazee wetu kutaka, wazee waliona vyema jina lake lisitajwe tena. Khitma ikisomwa nyumbani, marehemu wote hutajwa kwa majina, yeye hutajwa "mama yake Thuwaiba". Shangazi huinamisha kichwa, nami huumia sana. Anataka kulisikia jina hilo kabla naye hajaingia kwenye orodha.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Ridhaa mliyoitaka tumeipata, na ofisi ya vizazi na vifo, ambayo inaufuata muswada hata kabla haujapita, haikubali. Nimekwenda makaburini siku kumi na moja nikiwa na muswada mkononi. Kila marehemu nimemsomea kifungu cha tisa, kisha nikamuuliza mara tatu kama ana pingamizi. Wote wamenyamaza. Kwetu sisi bibi harusi huulizwa na walii wake, akinyamaza tunasema ameridhia, na mchele unaingia jikoni. Kama kimya kinatosha kumwozesha binti, hakika kinatosha kufunua ukurasa mmoja.

2. Wale ambao makaburi yao sikuyaona, nilikodi bajaji yenye kipaza sauti nikawasomea majina yao mtaa kwa mtaa, Dunda yote, asubuhi na alasiri. Hakupinga mtu, isipokuwa muuza kahawa mmoja aliyelalamikia kelele, ambaye yuko hai na kwa hiyo hahusiki. Jumla ya walioridhia ni mia mbili na kumi na wawili. Orodha nimeiambatanisha.

3. Tangazo lenu linawaita wadau Dodoma. Wadau wakubwa wa muswada huu hawasafiri. Naomba kikao kihamishiwe makaburini, viti tutaazima msikitini, na kila marehemu ahesabiwe kura moja. Wajumbe wenu ni kumi na watano. Hesabu hiyo naiacha kwako.

4. Kwa kuwa tumesikia kwamba sheria hupitishwa na watu, tumepekua nasaba za watu hao. Wewe, Mheshimiwa, kwa upande wa bibi mzaa mama, ni mpwa wangu. Sisemi hivyo ili nikushawishi. Ila mpwa kumfungia mjomba wake kitabu ni jambo ambalo sijawahi kulisikia, na mama yako akijua atasikitika. Wajumbe sita wengine wametokea kuwa jamaa zangu, na mmoja wao ni mkwe, ambaye kwa kuoneana haya asikae mbele yangu nikitoa maoni. Wanane waliobaki bado tunawatafuta. Kabla ya muswada kusomwa mara ya pili watakuwa ndugu.

Ombi letu ni dogo. Ongezeni kifungu kwamba marehemu asiyesema kitu ndani ya siku saba amekubali, kisha karani anifunulie mwaka aliozaliwa Shangazi. Nusu saa inanitosha.

Nisalimie wajumbe, madereva wao, wanaowapikia chai, na mama yako, ambaye kwa hesabu zetu ni dada yangu.

Wako mtiifu, na mjomba wako,
Humoud bin Basil.

Nyongeza: Barua hii naomba isisomwe kikaoni. Jina la mia moja tisini na saba katika orodha, Bi Somoe binti Muharami wa Mlingotini, yuko hai. Nilimwandika marehemu kwa kukisia umri wake. Siku ya matangazo alikuwa Dunda kwa mjukuu wake, akalisikia jina lake, akanyamaza. Hakunyamaza kwa kuridhia. Hatusemezani mwaka wa kumi na tisa huu, tangu niliposema mbele za watu kwamba kwa nasaba yeye ni mpwa wangu, hivyo yeye ndiye wa kuniamkia mimi. Ana miaka tisini na mbili. Jana Shangazi alinipeleka kwake, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akatueleza kwamba mkunga wa siku aliyozaliwa Shangazi alikuwa mama yake, na kwamba uzazi ule haukuandikwa katika kitabu chochote. Marehemu aliitwa Mwaija binti Sadallah. Hajawahi kulisema jina hilo kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mimi huuliza vitabu. Shangazi amelitamka njia nzima ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo kitabu fungeni au fungueni mtakavyo. Ila zile ridhaa mia mbili na kumi na moja zilizobaki msizitumie, maana sasa sijui ni wangapi kati yao walionyamaza kwa kuwa wameninunia.