Mkono wa Munyiva Haukuumia Saluni Kwangu

Saluni ya Malkia Esta,
Nyuma ya stendi,
Machakos.

Kwa Afisa wa Fidia za Walioumia Kazini,
Machakos.

MINT: MADAI YA MUNYIVA MUEMA, AMBAYO NAOMBA YATUPWE

Bwana Afisa,

Pokea salamu za mwanamke mlipa kodi, mcha Mungu, mwenye saluni ya viti vinne na vioo vitatu. Jina langu ni Kavindu Nzomo. Sijawahi kuiandikia serikali ila mara moja tu, kuhusu mtaro uliofurika mbele ya mlango wangu, na mtaro huo bado unafurika, kwa hivyo utajua kwamba mimi ni mtu wa subira.

Jumanne iliyopita nililetewa fomu. Inasema kwamba msusi wangu Munyiva, niliyekaa naye miaka kumi na mmoja, ameumia kazini, na kwamba mimi kama mwajiri nijaze sehemu yangu. Daktari ameandika kwamba mishipa ya kifundo cha mkono wake wa kulia imebanwa kwa sababu ya kusuka, na kwamba asipotibiwa mapema vidole havitarudi kama zamani. Nilisoma mara mbili nikakaa chini. Nimekasirika, Bwana Afisa, na sifichi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ajali yenyewe haina tarehe. Fomu yako inauliza ajali ilitokea siku gani, saa ngapi, na nani alishuhudia. Jirani yangu Mutinda, fundi wa kuchomelea mageti, alikatwa kidole siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, na stendi nzima ilishuhudia. Hiyo ndiyo ajali. Munyiva anadai ajali iliyotokea polepole kwa miaka kumi na mmoja, bila damu, bila mayowe, huku mimi nimesimama upande wa pili wa kichwa hicho hicho cha mteja, yeye akisuka kulia nami nikisuka kushoto. Kama kungekuwa na ajali, ningeiona.

2. Kusuka si kazi ya hatari. Wateja wangu wengi wanafanya kazi kwenye viwanda vya Athi River. Wao ndio huvaa kofia ngumu na buti za chuma. Jumamosi wanazivua kofia hizo wanakaa kwenye kiti changu, nasi tunawasuka kwa mikono mitupu. Sasa mwenye kazi ya hatari ni nani, aliyepewa kofia au asiyepewa kitu? Marehemu mama yangu alipura mbaazi kule Katelembo maisha yake yote, na hakudai fidia kwa mbaazi. Ni kweli kwamba miaka yake ya mwisho tulimlisha kwa kijiko kwa sababu vidole vilikataa kukunja, lakini huo ulikuwa uzee. Alikuwa na miaka hamsini na nane.

3. Matibabu yalitolewa, tena mapema. Munyiva huniita mwaitu, yaani mama, ingawa sikumzaa. Siku ya kwanza aliposema, "Mwaitu, mkono imelala," sikumpuuza. Nilimwonyesha namna ya kuukung'uta. Aliposema imelala tena, nikampa maji ya moto yenye chumvi. Ya tatu nikamwombea. Nilimfundisha pia kulala akiwa ameuning'iniza nje ya kitanda, na kushika kikombe kwa mikono miwili. Nazijua dawa hizi vizuri kwa sababu ndizo ninazotumia mwenyewe. Mkono wangu hulala kabla yangu tangu binti yangu Kavata alipokuwa darasa la nane, na sasa ana watoto wawili. Vikombe vya nyumbani kwangu ni vya plastiki vyote. Vifungo vya blauzi hunifungia mume wangu Wambua, naye hudhani ni mapenzi. Je, umewahi kuniona ofisini kwako nikilia? Hiyo si ajali. Hiyo ndiyo kazi.

4. Saluni yangu inajulikana kwa usalama. Kuna bwana mmoja aliyekuja kukagua akaniambia niwe na daftari la majeraha. Nilinunua siku hiyo hiyo, nami naliambatanisha hapa ulione. Kuungua na maji ya moto wakati wa kuchovya ncha za rasta: mara ishirini na tatu. Sindano ya kushonea nywele kuingia kidoleni: tuliacha kuandika mwezi wa pili, kurasa zilikuwa zinaisha. Dawa ya kulainisha nywele kula kucha: wote. Kupigwa na umeme wa drayer ya kukausha nywele: Emily, msichana wetu wa kuosha vichwa, mara moja, na Emily mara ya pili alipotuonyesha ilivyotokea mara ya kwanza. Wote walipona na kurudi kazini kabla ya mteja kumaliza chai. Naamini daftari hili peke yake linatosha kumaliza kesi.

5. Tukianza kulipana, tutaishia wapi? Mteja akikaa kwa muda wa saa nane atadai kiuno. Kiti nacho kitadai mguu. Kama lazima mtu alipe, basi alipe mwenye kichwa. Yuko mteja wetu mmoja, Lavender, anatoka Konza, ana nywele za watu watatu. Anataka rasta ndogondogo, zifike kiunoni, na ziishe leo kwa sababu kesho ana harusi. Kila mwezi ana harusi. Kwenye barabara ya Mombasa malori hupimwa uzito, na lililozidi hutozwa faini. Napendekeza vichwa vipimwe vivyo hivyo kabla ya kuingia saluni, na cha Lavender kiwe cha kwanza. Akijitetea kwamba nywele hizo alirithi, basi aitwe nyanya yake pia.

6. Hasara yangu mimi hakuna anayeihesabu. Tangu mkono wa Munyiva ukatae, nasuka pande zote mbili peke yangu. Yeye anakuja kila siku hata hivyo. Anakaa kwenye benchi, ananichambulia nywele za rasta kwa mkono wa kushoto, ananipa moja moja. Nilimwambia aende nyumbani apumzike. Akanijibu, "Nikikaa nyumbani nitafikiria sana, mwaitu. Niko na watoto, na sijui kazi ingine." Jumamosi iliyopita niliangusha kichana mara nne kwenye kichwa kimoja. Wateja walicheka. Munyiva hakucheka. Aliinama akaniokotea mara zote nne, na mara ya nne akautazama mkono wangu, si kichana. Hilo liliniuma kuliko fomu yako. Kwa hivyo naomba yeye ndiye anilipe fidia mimi, kwa kunitazama.

Kwa hayo yote, naomba uyatupe madai haya, uagize mizani ya vichwa, na umwamuru Munyiva arudi upande wake wa kulia akiwa na mkono wake mzima, kama alivyonijia.

Wasalimie wote ofisini, na yule askari wa getini aliyenipa kiti nilipokuja kuhusu mtaro. Msalimie na mkeo. Mwambie Jumatatu huwa hatuna foleni.

Ni mimi niliyevumilia,
Kavindu Nzomo,
Mwenye saluni.

Nyongeza: Utanisamehe mwandiko huu unaolala upande. Tangu Jumamosi ile ya kichana, kalamu haikai mkononi mwangu. Kwa hivyo mimi nimetamka na Munyiva ameandika, kwa mkono wa kushoto, maana hakuna mwingine hapa aliye tayari kukaa na hasira zangu mchana kutwa. Nilimwagiza aandike kila neno kama nilivyolisema. Nimeipitia barua sasa, na naona neno "mvivu", ambalo nililisema mara tatu, halipo popote.

Alipofika pale penye habari za mama yangu na kijiko aliweka kalamu chini. Akaniuliza, "Na wewe, mwaitu, utalishwa na nani?" Nilimwambia aendelee kuandika. Lakini ninaogopa, Bwana Afisa.

Fomu yake nimeitia sahihi kwa kidole gumba, nayo imo ndani ya bahasha hii. Naomba uniletee nyingine moja. Kama mwenye saluni haruhusiwi, nipe ile ya mfanyakazi, kwa sababu nilisuka kwenye saluni za watu wengine miaka minane kabla ya kununua viti vyangu. Munyiva amesema atanijazia. Ila pale penye tarehe ya ajali, tafadhali acheni nafasi pana kidogo.